Ini la panya yupi?

Kazi yangu, nikiieleza kwa ufupi, ni kuhesabu. Nakaa mbele ya hadubini katika maabara moja upande wa Wandegeya, Kampala, nahesabu chembe nyekundu za damu ambazo bado changa, zilizotolewa kwenye uboho wa panya. Chembe 4,000 kwa kila panya, ndivyo mwongozo wa kimataifa unavyotaka. Zamani zilitosha 2,000, mpaka mwongozo ukarekebishwa mwaka 2014. Walionitangulia walifaidi.

Ninachotafuta ni nukta. Chembe nyekundu ikikaribia kukomaa hukitema kiini chake, ikabaki tupu. Lakini kama kabla ya hapo kromosomu zilikatika, au zilipotea njia seli ilipokuwa inagawanyika, kipande kilichoachwa nyuma hujikunja peke yake na hakitoki pamoja na kiini. Ukipaka rangi ya Giemsa, chembe changa inaonekana ya buluu iliyofifia, na ndani yake imekaa nukta ya zambarau, ya mviringo, ukingo wake safi. Takataka za rangi nazo hujifanya nukta, ila zinametameta ukichezesha lenzi. Mwalimu aliyenifundisha kazi hii alikuwa na kanuni moja: ukiona unabishana na nafsi yako kuhusu nukta, hiyo siyo nukta, endelea mbele.

Panya wenyewe ni weupe, wadogo, wa gramu 25 au 30. Wanapewa kemikali kwa mrija butu unaofika tumboni, leo na kesho saa ile ile, na siku inayofuata wanauawa kwa utaratibu uliowekwa. Tunatoa mfupa wa paja, tunakata ncha zake, tunausukuma uboho nje kwa seramu ya ndama. Kundi moja linapewa maji matupu. Jingine linapewa saiklofosfamaidi, ambayo inajulikana fika kwamba inaharibu DNA, ili tuhakikishe macho yetu na rangi zetu hazijalala. Wageni wakisikia hivyo hushtuka, kwa sababu saiklofosfamaidi ni dawa. Ilitumika hapa hapa Kampala miaka ya 1960 kutibu watoto wenye ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, na hadi leo wagonjwa wa saratani wanawekewa kwa dripu. Wakati huo huo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon limeiweka katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Inaua seli mbaya kwa kuivuruga DNA yao, na seli nzuri zilizo jirani nazo hazisalimiki. Mtu mwenye saratani leo anaukubali mzigo huo. Mtu mwenye afya hana sababu ya kuubeba.

Vioo vilivyopakwa uboho vinanifikia vikiwa na namba za siri. Sijui panya yupi alikunywa maji na yupi alipewa dozi ya juu, na sitaki kujua. Ukijua, nukta huongezeka zenyewe.

Nimeeleza haya yote kwa sababu shemeji yangu, ambaye anauza karanga sokoni Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hunipigia simu kila redio ikitaja sumukuvu (aflatoksini), ile sumu ya kuvu wa karanga na mahindi. "Shemeji, wewe si ndiye unapima? Niambie ndiyo au hapana. Karanga zangu zinaleta kansa?" Namjibu kwamba meza yangu haitoi jibu la namna hiyo. Inaweza kusema kitu fulani kiliharibu vinasaba vya panya, kwa kiasi fulani, kwa siku mbili. Kusema saratani kunahitaji panya wale kitu hicho karibu maisha yao yote: miaka miwili, madume 50 na majike 50 kwa kila kiwango, viwango vitatu na kundi lisilopewa kitu, kwa panya wadogo (mouse kwa Kiingereza) na tena kwa panya wakubwa (rat), ambao ni aina nyingine kabisa. Ukijumlisha ni wanyama 800 kwa kemikali moja, na mwisho wake viungo vya wanyama hao vinakatwa vipande na kutazamwa kwa hadubini. Ni gharama ya mamilioni ya dola. Sisi hatufanyi kazi hiyo, tunasoma matokeo ya wenzetu.

Na katika kusoma huko hakuna kisa kinachonigusa kama hicho hicho cha karanga, maana Uganda imo ndani yake.

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, wengi wao wachanga. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Wachunguzi walipopanua msako, vifaranga vya bata vilikufa pia kwa karanga zilizotoka Afrika Mashariki, na ni kwenye karanga za Uganda zenye sumu kali ndipo waliponasa kuvu, Aspergillus flavus, anayetengeneza sumu yenyewe. Kifaranga cha bata cha siku moja kikawa kipimo: mpe dondoo ya karanga, mwangalie ini baada ya siku chache. Mwaka 1961 ikaandikwa kwamba panya wakubwa waliolishwa mashudu hayo walipata uvimbe wa saratani kwenye ini. Marekani, samaki aina ya trauti kwenye mabwawa ya kufugia walikuwa wanaota uvimbe wa ini vilevile, na sababu ikaja kuonekana kuwa mashudu ya pamba yenye kuvu.

Sasa jiulize: ingekuwaje kama wale wachunguzi wangeanza na panya wadogo, hawa weupe wa kwangu? Wasingeona kitu. Panya mkubwa akila chakula chenye mikrogramu 100 za sumukuvu aina ya B1 kwa kila kilo, karibu kila mmoja hupata saratani ya ini. Panya mdogo aliyekomaa analishwa zaidi ya hapo kwa mbali na anaendelea kukimbia kwenye sanduku lake. Sababu iko kwenye ini. Sumukuvu inavyoingia mwilini haina makali sana. Ni ini lenyewe linaloigeuza, kwa nia njema ya kuitoa, kuwa kitu kinachong'ang'ania herufi ya G kwenye DNA. Panya mdogo ana kimeng'enya kinachokidaka kitu hicho kabla hakijafika huko. Panya mkubwa anacho kidogo. Panya mdogo akidungwa sumu hiyo akiwa ndiyo kwanza amezaliwa, kabla kimeng'enya hakijashika kasi, naye anapata saratani. Sisi binadamu, katika jambo hili, hatuna bahati ya panya mdogo.

Hata bakteria wanalijua hilo. Kipimo cha Bruce Ames, kile cha kuangalia kama kemikali inabadilisha vinasaba vya Salmonella, kikifanywa kwa bakteria peke yao sumukuvu B1 inaonekana haina hatia. Ongeza majimaji ya ini la panya kwenye sahani, na bakteria waliobadilika wanajaa.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Sakarini, sukari ya kutengenezwa, ilileta uvimbe kwenye kibofu cha panya wakubwa madume, na miaka ya 1970 Marekani wakaiandikia onyo. Baadaye ikabainika kwamba mkojo wa panya hao hutengeneza chembechembe zinazokwaruza kibofu, jambo lisilotokea kwetu. Mwaka 2000 onyo likaondolewa. Kwa hiyo mtu akiniletea habari ya mtandaoni kwamba "imethibitishwa kwa panya", swali langu la kwanza ni panya yupi, la pili ni kiungo kipi, la tatu ni kwa njia gani. Wengi hukata simu kwenye la pili.

Kuhusu sumukuvu, lakini, hatutegemei panya tu. Kati ya 1966 na 1967 zilikusanywa sampuli 480 za chakula kilichohifadhiwa sehemu mbalimbali za Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 1971: karibu sampuli 30 katika kila 100 zilikuwa na sumukuvu, na ilikuwa nyingi zaidi kwenye maeneo yenye saratani nyingi ya ini, Karamoja ikiwemo. Mwaka 1991 watafiti waliopima uvimbe wa ini wa wagonjwa kutoka China na kusini mwa Afrika walikuta jeni la p53, ambalo kazi yake ni kuizuia seli isigeuke saratani, limebadilika mahali pale pale, nafasi ya 249, G ikawa T. Huo ndio uharibifu ambao sumukuvu hufanya. Na utafiti wa Shanghai wa mwaka 1992 ukaonyesha kwamba mtu mwenye homa ya ini aina ya B ambaye pia anakula sumukuvu, hatari yake haijumlishwi, inazidishwa. Kwetu West Nile, yaani upande huo wa Arua, na kaskazini kwa jumla homa hiyo ni nyingi kuliko sehemu nyingine za nchi. Hapo ndipo ninapoacha utani na shemeji.

Ninachombishia hasa ni uchambuzi. Karanga nzuri zinachaguliwa ziuzwe nzima, kwa sababu mteja anaziona. Zile zilizosinyaa, zenye madoa, zenye vumbi la kijani, haziendi jalalani. Zinaenda kwenye mashine ya kusaga, na huko zinakaangwa, zinapata harufu nzuri, zinakuwa odi, yaani siagi ya karanga ya kuweka kwenye mboga. Moto wa kukaanga unapunguza sumukuvu, hauimalizi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na mwezi Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu hii hii, lakini beseni la odi la sokoni hakuna mpakani linapopimwa.

Nilimwambia aanike juu ya turubai, siyo udongoni, na atupe mbovu. Akanijibu kwamba mbovu ni robo ya gunia wakati wa mvua, na mimi nimlipe hiyo robo. Hesabu yake haina kosa. Anayetupa anapata hasara peke yake, na jirani yake anayesaga anauza bei ile ile.

Nikienda Arua nanunua karanga zikiwa bado kwenye maganda, nazichambua mwenyewe kwenye ungo pale pale kibandani, mbovu naziweka pembeni wateja wakitazama. Shemeji ameshaniomba niwe ninanunua kwa mtu mwingine.