Siku fundi alipojaribu sabufa kwa Nas, DJ Shadow na Radiohead

Masika ya 2012 nilikuwa nimemaliza form six nasubiri matokeo, nashinda Mwananyamala kwenye kibanda cha baba mdogo cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kazi yenyewe mnaijua, mteja anakuja na kisimu chake unachomoa kadi unaichomeka kwenye kadi rida anakwambia niwekee za Diamond, niwekee P-Square, mama mwingine anataka taarabu tupu, unakopi unapokea hela basi. Kwenye ile kompyuta kulikuwa na folda moja haiulizwi na mtu, niliiandika ZANGU, humo ndo kulikuwa na albamu alizoniachia binamu yangu alipokuja likizo toka Uingereza. Hip hop, elektroniki, roki, vyote vimechanganywa, ila kila albamu iko kamili na nyimbo zake zimepangwa kwa namba kama zilivyo kwenye CD. Nilikuwa nazisikiliza kwa hedifoni usiku, peke yangu. Sikuwa nimewahi kuzisikia zikitoka kwenye spika kubwa mbele ya watu.

Sasa siku hiyo baba mdogo kaenda Kariakoo, mida ya saa nane hivi fundi redio wa mtaa wa nyuma akaja kaibeba sabufa yetu kifuani kaifunika kwa mfuko wa simenti maana mawingu yalishatanda. Mzee mmoja Mgogo wa Dodoma, mpole, haongei sana. Nikampa shikamoo akaitikia akaiweka mezani, akaniambia koni ya spika kaibadilisha ila hawezi kuondoka hajaijaribu, na hapohapo mvua ikashuka, mvua ile ya Dar ya mwezi wa nne ambayo ukiwa ndani ya banda la bati unaongea kwa kupiga kelele. Bodaboda mmoja naye akaegesha pikipiki akajibanza kwetu. Tukawa watatu.

"Kijana, weka kitu chenye besi," mzee akasema, "ila kisiwe cha makelele, nataka niisikie spika."

Nikafungua ZANGU nikaweka Illmatic ya Nas.

Niseme kabisa, mi kwangu Illmatic ni albamu bora ya hip hop na nishabishana na watu wengi sana juu ya hili na sijabadilika. 1994, jamaa ana miaka 20, katoka Queensbridge, zile nyumba za serikali za New York, nyimbo 10 tu na albamu nzima haifiki dakika 40. Hakuna ya kuruka. Na maprodyuza aliowaita, DJ Premier, Pete Rock, Q-Tip, Large Professor, L.E.S., kila mmoja alikuwa anaweza kubeba albamu yake mwenyewe, ila humu utadhani wamekaa chumba kimoja wakakubaliana. Ile N.Y. State of Mind inaanza kwa besi na kinanda kimoja cha chini kinachojirudia, unamsikia Nas anasema hajui aanzeje, alafu akianza hapumui.

Mzee akaweka kiganja chake juu ya koni. Ndo namna yake ya kupima, hasikilizi kwa masikio kwanza, anasikiliza kwa mkono, koni ikiwa na kasoro anaihisi inakwaruza kabla hujasikia chochote. Akatulia hivyo nyimbo mbili nzima. Wimbo wa tatu mwishoni tarumbeta likaingia, akanyanyua kichwa akauliza nani huyo, anapuliza kiutu uzima. Nikamwambia ni Olu Dara, baba mzazi wa huyu anayechana. Akafurahi bwana! Akasema mtoto kamwita baba yake kazini, vizuri sana, akarudisha mkono.

Bodaboda yeye alikuwa mtu wa Tupac. Hawa tunawajua, kuna kizazi kizima cha bodaboda na makonda wa daladala hapa mjini ukigusa hip hop tu anakwambia Tupac kamaliza kila kitu. Akaanza, dogo weka All Eyez on Me hiyo ndo albamu. Nikamjibu na leo ningemjibu vilevile, All Eyez on Me ya 1996 ni nyimbo 27, diski mbili, ukiikata nusu unabaki na albamu kali mno, ila hivyo ilivyo inakuchosha, kuna nyimbo zimo kwa sababu nafasi ilikuwepo tu. Unataka Tupac anayekushika shati chukua Me Against the World ya 1995, pale kuna mtu ana hofu na kifo na mapenzi na mama yake na yote unayasikia kwenye sauti. Hakukubali. Tukabishana hadi mzee akanyoosha mkono tunyamaze.

Ilikuwa imefika One Love, wimbo wa saba. Biti la Q-Tip. Mzee akatoa mkono kwenye spika, akasogeza kigoda akaweka sikio kabisa.

"Hii ilimba," akasema.

Nikamwambia mzee hii ni Marekani hii. Akasema najua, lakini hiyo inayolia tin tin huko nyuma ni vijiti vya chuma juu ya ubao, mi baba yangu alikuwa nayo nyumbani. Akanionyesha na vidole gumba viwili hewani jinsi inavyochezwa, na vidole vyake vikaenda sawasawa na biti, hakukosea hata pigo. Wimbo ule nilikuwa nimeusikiliza usiku kwa usiku nikifuata maneno tu, sikuwa nimewahi kujiuliza kile kinacholia ni nini.

Baadaye sana nilikuja kutafuta na mzee alikuwa sahihi. Lile biti limechukuliwa kwa Heath Brothers, wanajazi wa Philadelphia, wimbo wao Smilin' Billy Suite wa miaka ya 70, na humo mpiga kinanda wao Stanley Cowell anapiga mbira. Ndugu moja na ilimba ya Wagogo, ile aliyokuwa akiipiga marehemu Hukwe Zawose. Kwahiyo mbira ikaenda Marekani kwa wanajazi, wakarekodi, miaka karibu 20 baadaye Q-Tip akaikata akaizungusha, Nas akachana juu yake, na mzee wa Dodoma akaisikia kwenye sabufa Mwananyamala mvua inanyesha. Mi nikifikiria hilo mpaka leo nasisimka.

Bodaboda akauliza sasa huyu anasema nini, nikamweleza anamwandikia barua mshkaji wake yuko jela, anampa habari za mtaani, mtoto wako kazaliwa, nani kafanya nini, nani hakuja kukutembelea. Akanyamaza. Alafu akasema rudisha mwanzo. Hakusema tena habari za Tupac mpaka mvua inakatika.

Ilipoisha nikaunganisha Endtroducing..... ya DJ Shadow, 1996. Hii watu wanagombana iko wapi, hip hop au elektroniki, mi naona swali halina maana. Jamaa wa California kakaa na mashine ya Akai MPC60 na santuri, vyote unavyosikia humo vimekatwa kwenye santuri za watu wengine vikaungwa upya, ngoma toka huku, kinanda toka kule, sauti ya mtu anaongea toka kwingine, ipo mpaka kwenye Guinness kama albamu ya kwanza iliyotengenezwa kwa sampo peke yake. Lile kava lake ni watu wanachakura santuri dukani Sacramento. Inavyoanza tu kuna vile vimkwaruzo, krr krr, nikamwangalia mzee nikidhani atasema spika mbovu. Wala. Akasema hiyo siyo spika, hiyo ni sindano kwenye santuri, na santuri yenyewe imechoka. Nikampa heshima yake.

Kwenye Midnight in a Perfect World mvua ndo ilikuwa imekolea, sauti ya bati na ngoma za Shadow zikawa kitu kimoja, yaani hapo hakuna aliyeongea. Kinanda kile ni cha David Axelrod, kazi ya miaka ya 60, na ngoma zinakuja nzito zimechelewa kidogo, unasubiri pigo mpaka unaona kama halitakuja. Kwangu ule ndo wimbo wenye huzuni kuliko yote kwenye hip hop na hakuna anayechana. Kasoro ninayoiona, albamu katikati ina sehemu inatanuka mno, angepunguza dakika kama kumi isingemdhuru, na mzee hapo nilimwona anaanza kuchezea bisibisi yake. Ila Organ Donor ilimrudisha, kile kinanda cha mbio bodaboda alikuwa anagonga meza nacho.

Ya tatu ikawa Kid A ya Radiohead.

Radiohead walikuwa bendi ya roki, magitaa matatu, walitoa OK Computer 1997 dunia ikawainamia, kila mtu akasubiri waje na nyingine kama ile. Wao Oktoba 2000 wakaja na albamu ambayo magitaa unayatafuta, hawakutoa hata singo moja. Mi nawapenda kwa hilo kuliko kwa chochote. Najua wapenzi wengi wa roki wanaiweka OK Computer juu, ni nzuri, naikubali, lakini ile ni bendi inafanya kwa ukamilifu kitu inachokijua, Kid A ni watu wanaacha kitu wanachokijua wakati wote wanawashangilia. Hiyo ngumu zaidi. Na inasikika, kile kinanda cha mwanzo kinaingia kama mtu anaamka hajui yuko wapi.

The National Anthem ilipoanza mzee akacheka kwa raha, maana besi ile ndo aliyokuwa anaitaka toka mwanzo, mstari mmoja tu unazunguka dakika karibu sita bila kuchoka. Mkono ukarudi juu ya koni. Ila saksafoni na matarumbeta yalipoingia yakaanza kupandiana akakunja uso. Yeye ni mtu wa Sikinde, ujana wake kauchezea kwenye dansi, akaniambia kule wapuliza tarumbeta wanapeana nafasi, mmoja akisema mwenzake anangoja, hawa wanagombana. Nikamwambia ndo walichokusudia mzee, wagombane. Akasema sawa wamekusudia, bado wanagombana. Hapo hatukukubaliana na mi msimamo wangu ni uleule, ile vurugu inakaa kwa sababu besi haitikisiki hata kidogo chini yake, ungeitoa besi ingekuwa kelele kweli.

Alafu ikaja Treefingers. Kwa asiyeijua, huo hauna ngoma hauna maneno, ni sauti tu inavuma mbali, inakuja inaenda. Mzee akasimama. Akaenda nyuma ya sabufa akashika waya mmoja mmoja, akachomoa jeki akairudisha, akauliza kompyuta yenu ina athi? Alidhani umeme unavuma. Nikamwambia hapana mzee ni wimbo huu. Akaniangalia. Akasema wimbo? Akakaa chini lakini akawa anausikiliza kama fundi, ameinamisha kichwa, mpaka Optimistic ilipoingia na gitaa akashusha pumzi.

Idioteque ndo ilimaliza kazi. Ule ni mdundo mkavu wa mashine, baridi, na juu yake vipande vya kinanda ambavyo vimetoka kwenye kazi ya Paul Lansky, mtunzi aliyevitengeneza kwa kompyuta kubwa ya chuo mwaka 1973. Bodaboda akaruka, "Aah, hii mchiriku hii!" na akaanza kucheza kweli ndani ya banda, kofia ngumu mkononi anaipiga kama ngoma. Na mi nikaisikia hapohapo. Wale wa mchiriku wa uswahilini na vinanda vyao vidogo vya Casio, spika imezidiwa inapasuka, mdundo hauna huruma, anayeimba anaimba kama nyumba inaungua. Thom Yorke, mwimbaji wa Radiohead, anaimba vilevile humo. Baadaye 2017 ilivyotoka Sounds of Sisso, zile singeli za studio ya Mburahati, lebo ya Nyege Nyege ya Kampala ikazipeleka duniani na Wazungu wakawa wanaandika kwamba ni elektroniki ya kisasa kabisa, nikamkumbuka yule bodaboda, yeye alishaunganisha waya hizo zamani bila kusoma makala ya mtu.

Mvua ikapungua mida ya jioni, watu wakaanza kupita na viatu mkononi. Mzee akasema spika iko vizuri, koni haina neno, nikampa hela yake aliyoiacha baba mdogo. Bodaboda akaondoka na Illmatic, kachagua mwenyewe. Mzee akatoa kisimu chake akasema niwekee ile yenye ilimba. Nikamwambia mzee hiyo siitoi peke yake, nakupa yote, hela ileile ya wimbo mmoja, maana hizi zimepangwa, ile ilimba inakusubiri mpaka wimbo wa saba, ukiitoa pale unaiua nusu. Akafikiri akasema haya, na ile yenye besi nipe, nikamwekea Kid A nzima.

"Ila ule unaovuma utoe, utanifanya nifungue redio za watu bure."

Nikauacha. Namba tano palepale, kati ya How to Disappear Completely na Optimistic, na leo ningeuacha pia, kwa sababu gitaa la Optimistic bila zile dakika tatu na ushee za kuvuma mbele yake ni gitaa la kawaida tu la roki.