Matunda hayakuchukua nafasi ya mboga za majani nyumbani kwangu

Mwanangu wa pili alipotimiza miaka minne alikataa kabisa mboga za majani, na watu wazima niliowaheshimu walinipa ushauri mmoja: nimpe matunda, kwa kuwa tunda na mboga kazi yake ni ileile. Niliufuata msimu mzima wa maembe hapa Morogoro, wakati ndoo hupatikana kwa fedha kidogo, na hadi leo ushauri huo unaniudhi. Jioni mtoto alikula maembe mawili na ndizi mbivu, hivyo ugali ulipotengwa alikuwa ameshashiba utamu, na hata maharage hakuyagusa.

Nikajaribu kumfichia. Nilichemsha mchicha, nikamwaga maji yake, nikausaga pamoja na pasheni na sukari. Juisi ikatoka na rangi ya matope na harufu ya nyasi, naye alionja mara moja tu, akaanza kuikagua kila juisi niliyompa kwa wiki mbili zilizofuata. Baadaye nilitambua kwamba katika yale maji niliyomwaga ndimo ilimokwenda sehemu kubwa ya vitamini C.

Kosa jingine lilikuwa katika neno lenyewe. Kwetu mboga ni chochote kinacholiwa na ugali, wakiwemo dagaa, kwa hiyo nilipomwambia "kula mboga" alichovya tonge kwenye mchuzi wa maharage, akawa ametii kweli. Nyanya, bamia na biringanya mtaalamu wa mimea huziita matunda, lakini chunguni ni mboga, na mama apikaye hana haja ya kubishana naye.

Kilichofaulu ni matembele. Nilimpeleka mwanangu akayachume mwenyewe nyuma ya nyumba, nikayakatakata madogo sana, nikayaunga kwa kitunguu na nyanya, kisha nikamalizia kwa karanga zilizotwangwa na tui zito, kwa sababu mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A ya majani. Nikamfundisha kumega tonge, kulibonyeza kwa dole gumba na kuchotea mboga katika kishimo kile, na mchezo huo aliupenda mno. Tunda nililihamishia baada ya chakula: kipande cha chungwa au papai, kwa kuwa vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika majani. Chai, ambayo huzuia madini hayo, nikaiondoa kabisa wakati wa mlo.

Siku ya tano aliomba aongezewe mboga. Nilipomuuliza ni ipi, alijibu, "Ya majani, mama."