Siku nilipomwaga dawa zangu mezani kwa daktari wa meno

Nilifungwa waya za meno nikiwa na miaka 31, Kampala, na kila mwezi nilipanda taksi kutoka Bombo kwenda kukazwa. Siku mbili tatu baada ya kukazwa, hata matoke laini yalinishinda. Nikawa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, maana ilikuwepo nyumbani kwa ajili ya mgongo. Miezi 5 ikapita, pengo la jino lililong'olewa liko palepale.

Kwenye fomu niliandika pumu, basi. Dawa ya mgongo sikuiona kama jambo la kumwambia daktari wa meno.

"Dada, safari ijayo njoo na kila unachomeza," akaniambia.

Nikaja na kaveera, mfuko wa plastiki: diklofenaki, pampu ya pumu ya buluu, na vidonge vya prednisoloni vilivyobaki kifua kiliponibana mwezi Machi. Akavipanga mezani kimoja kimoja.

Jino, alinieleza, husogea kwa sababu kuna seli zinazokula mfupa upande linakoelekea. Prostaglandini, kemikali ya mwili, ndiyo inayoziamsha, na diklofenaki huizuia, ndiyo maana jino huchelewa. Seli za aina hiyohiyo zinaweza kula mzizi pia. Prednisoloni nayo hugusa mfupa: katika majaribio ya panya, mizizi iliathirika tofauti kulingana na kipimo na muda. Na kuna watafiti walioona kuwa wenye pumu wakivaa waya, mizizi ya magego yao ya juu hufupika zaidi.

Nikauliza kama niache pampu. Akaweka kalamu chini. "Usithubutu. Pumu inaua. Mzizi uliopungua kidogo hauui mtu."

Eksirei ilionyesha ncha za meno mawili ya mbele, juu, zimekuwa butu kama penseli iliyoandikiwa sana. Niliogopa kweli. Akalegeza waya, tukapumzika miezi 3. Kwa maumivu ya meno nikahamia panado. Kuhusu mgongo sikujiamulia. Nilirudi kwa daktari aliyeniandikia diklofenaki, naye akanibadilishia dawa na kunipa mazoezi.

Siku hizi nina daftari dogo: tarehe, dawa, kiasi. Namkabidhi daktari kabla sijafungua mdomo, hata kama ni vidonge viwili vya dukani.

Eksirei ya pili imetoka mwezi uliopita. Ncha ni butu vilevile, hazijaliwa zaidi. Na pengo sasa linapitisha ukucha tu.