Jiko nalo lina haki ya nakshi

Leo mchana nimelipia marumaru za jikoni. Uamuzi huu umenichukua muda mrefu kuliko wa bati, milango na rangi za kuta, na watu wa nyumbani wamekuwa wakinishangaa. "Dada, si sakafu ya jikoni hiyo? Chukua yoyote," mdogo wangu aliniambia kwenye simu juzi. Sikuchukua yoyote, na jioni hii nataka kuandika kwa nini.

Ingia kwenye nyumba nyingi tunazojenga hapa Dar es Salaam. Sebule imewekewa marumaru kubwa za 60 kwa 60, zinazong'aa mpaka taa ya dari unaiona chini. Ukifika jikoni unakuta zilizobaki: boksi mbili za krimu, nusu boksi ya kijivu, na nyuma ya mlango vipande vilivyotoka kwenye ujenzi mwingine. Hesabu ni kwamba sebule ni ya mgeni. Lakini mgeni anakuja Jumapili, anakunywa soda, anaaga. Anayepika anaingia jikoni kabla jua halijachomoza kuchemsha chai, anarudi mchana, na usiku ndiye wa mwisho kuzima taa. Naamini kabisa kwamba kama kuna fedha kidogo ya urembo ndani ya nyumba, huyu ndiye wa kwanza kustahili kuiona.

Na kwetu sakafu ya jikoni ni mahali pa kazi hasa. Mama yangu anaishi nasi, na mama hapiki kwa kusimama kama anaweza kukaa. Mbuzi ya kukunia nazi iko chini, ungo wa mchele uko mapajani, mchicha unachambuliwa juu ya mkeka, mazungumzo yanaendelea. Makabati ya kisasa tumeweka, lakini nusu ya shughuli bado inafanyikia chini. Kwa hiyo sakafu hii itaangaliwa kwa karibu sana, na mtu aliyekaa, kwa saa nyingi. Nilipoanza kuitazama hivyo, picha nyingi nilizokuwa nimehifadhi kwenye simu zilijifuta zenyewe, maana zote zilipigwa na mtu aliyesimama mlangoni.

Mapenzi yangu ya nakshi yalianzia Tanga, kwa shangazi, kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa na mfanyabiashara wa Kihindi. Sakafu yake ilikuwa ya vigae vya saruji vya 20 kwa 20: nyota za rangi ya matofali, mistari ya kijivu, na mkanda mweusi ukizunguka chumba chote. Kwenye kizingiti, palipopitiwa na miguu ya vizazi, vigae vilikuwa vimelika mpaka pamebonyea, lakini nyota ilikuwa bado inaonekana sawasawa. Sababu iko kwenye utengenezaji wake. Vigae hivyo havichomwi tanuruni. Ndani ya kalibu unawekwa umbo la bati lenye vyumba vya nakshi, rangi iliyochanganywa na saruji inamiminwa chumba kwa chumba, bati linainuliwa, saruji kavu zaidi inajazwa juu ya rangi hiyo, halafu mashine inakandamiza. Rangi inakuwa na unene wa milimita 3 au 4. Ufundi huo ulianzia kusini mwa Ulaya, Ufaransa na Uhispania, katikati ya karne ya 19.

Nilivitamani vigae vya namna ile kwa moyo wote. Nimeviacha kwa sababu ya ndimu. Saruji na tindikali hazipatani: tone la ndimu, siki au maji ya ukwaju likikaa kidogo linakula uso na kuacha doa lililofifia, na manjano yakimwagika pamoja na mafuta yanazama ndani. Dawa ya kuziba vinyweleo ipo, lakini inatakiwa kurudiwa kila baada ya muda, na mimi siwezi kumwambia mama akamue ndimu kwa tahadhari ndani ya jiko lake. Kwa barazani au chumbani ningevichukua bila kufikiri mara mbili.

Basi nikahamia kwenye porcelaini, yaani marumaru ngumu za kuchomwa tanuruni, yenye nakshi ya kuchapwa. Kwenye maduka ya Gerezani, Kariakoo, marumaru za sakafu na za ukutani wakati mwingine zinapangwa pamoja, na nakshi nzuri zaidi mara nyingi ni za ukutani. Nilikuwa natembea na chupa ya maji. Unageuza kipande, unadondosha maji kidogo mgongoni, unasubiri. Cha ukutani kinayanywa ukiangalia, mgongo unabaki na alama nyeusi ya unyevu. Cha porcelaini maji yanakaa juu tu, unaweza kuyafuta kwa kidole. Kuna tofauti kubwa hapo: porcelaini hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati marumaru za ukutani huvuka asilimia 10. Muuzaji mmoja kijana aliliangalia jambo hilo kwa makini, akaniomba nirudie, kisha yeye mwenyewe akaanza kugeuza nyingine za dukani kwake. Nilifurahi sana.

Kwenye boksi natafuta vitu viwili. PEI ni kipimo cha uso uliopakwa kustahimili msuguano, kuanzia 1 hadi 5; jiko la nyumbani linaridhika na 3, lakini mlango wetu wa nyuma unafungukia mchanga, na mchanga chini ya kandambili husugua kutwa, kwa hiyo nimetaka 4. Cha pili ni R, kipimo cha kuzuia utelezi, kinachoanzia R9 kwenda R13. Nimechukua R10. Zinazong'aa sikuzigusa. Maji na tui la nazi juu ya sakafu inayong'aa, na magoti ya mama, hapana.

Sasa nakshi yenyewe. Hili ndilo nililohangaika nalo zaidi, kwa sababu dukani unaonyeshwa kipande kimoja kimesimamishwa kwenye rafu, na kipande kimoja hakisemi kweli. Niliyoipenda ina ua linalokamilika kwa vipande vinne. Ukishika kimoja unaona upinde tu na jani la pembeni. Nilimwomba muuzaji afungue boksi, tukapanga vinne chini, kisha tisa, kisha kumi na sita, nikavua viatu na kuchuchumaa. Nakshi mbili nilizokuwa nimezipenda kwenye rafu ziliniumiza macho zilipokuwa kumi na sita: nyeusi na nyeupe kali, zinacheza mbele ya uso. Halafu nakshi iliyojaa vitu vidogo mno ina hatari yake jikoni. Inaficha uchafu, ndiyo, lakini inaficha pia kipande cha glasi iliyovunjika na maji yaliyomwagika. Nilimwaga punje za mchele kutoka kiganjani mwangu juu ya kila moja nione kama naziona. Iliyobaki ina mandhari ya kijivu cha wastani, ua la rangi ya matofali, na mstari mwembamba wa kijani kilichokolea. Punje zilionekana zote. Vumbi letu la Dar nalo, ambalo kwenye nyeusi huonekana dakika tano baada ya kufagia, hapo halijitangazi.

Usiku ule nilichora jiko kwenye karatasi. Lina mita 3 kwa 4, lakini makabati yanachukua sentimeta 60 upande mmoja, kwa hiyo sakafu inayoonekana ni mita 2.4 kwa 4. Vipande ni vya 30 kwa 30. Ukianza ukutani na kujaza nakshi tupu, urefu wa mita 4 unakupa vipande 13 na kidogo, maana yake safu ya mwisho ina maua yaliyokatwa. Mama alikuwa ananitazama nikifuta na kuchora upya, akaweka kidole katikati ya karatasi. "Weka maua hapa. Pembeni zungusha rangi moja. Kanga bila pindo ni kanga gani?"

Nikapiga hesabu yake. Nakshi iwe vipande 6 kwa 12 katikati, yaani mita 1.8 kwa 3.6. Hiyo ni vipande 72, maua 18 kamili, hakuna hata moja linalokatwa. Pindo linabaki sentimeta 30 kila ubavu na kama 20 kila mwisho, la kijivu kisicho na maua. Chini ya makabati panaenda hizo hizo za kijivu. Nakshi, ambayo bei yake iko juu, inachukua kidogo zaidi ya nusu ya eneo lote, na kijivu nimepata cha kiwanda cha huku Mkoa wa Pwani kwa bei nafuu. Nimekaa nikiutazama mchoro ule kwa furaha ambayo sijaipata kwenye kitu kingine chochote cha nyumba hii.

Anayechanganya marumaru za viwanda viwili lazima alinganishe unene na ukubwa halisi. Kilichoandikwa 30 kwa 30 kinaweza kuwa na milimita 298 au 300, na milimita 2 kwa kila kipande zikijumlishwa kwa vipande 12 mistari haitakutana. Nilivisimamisha viwili kwa ubavu juu ya meza ya kioo dukani na kupitisha kidole ukingoni. Vimekaa sawa. Nikakagua pia namba ya rangi na ya mkupuo, yaani ya zile zilizotengenezwa pamoja, kwenye kila boksi kabla ya kulipa, kwa kuwa kijivu cha mkupuo huu si lazima kiwe kijivu cha ule. Za nakshi nimechukua boksi 8 za vipande 11, yaani 88. Zinazozidi zitakaa stoo kwa ajili ya siku mtungi wa gesi utakapomponyoka mtu.

Fundi alikuja jioni kuona eneo. Ni mtu mzima, ameweka sakafu nyingi mtaani kwetu. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa futi kamba.

"Mama, mimi huanzia mlangoni. Kipande kizima ndicho anachokiona mtu akiingia, vya kukata vinaishia kule nyuma ya friji."

"Naelewa, fundi. Lakini hizi zina maua, na nimepanga pindo. Naomba tuanzie katikati."

Nikampa mchoro. Aliusoma kimya, akachukua chaki, akapima kona: sentimeta 60 ukuta huu, 80 ukuta ule, na mshazari ulitakiwa uwe mita 1 kamili. Haukuwa. Ukuta wa dirishani umepinda kama sentimeta 2 kutoka kona hadi kona. Akatikisa kichwa, kisha akatabasamu. "Basi hili pindo limetuokoa. Mpindo wote utaingia kwenye kijivu, maua yatakaa kwenye uzi." Tumekubaliana avipange vikavu kwanza, vyote 72, kwa sababu msaidizi akigeuza kimoja ua zima linaharibika. Na gundi itandazwe mgongo mzima kwa kitana, ule mwiko wenye meno, si mafungu matano kama wengi wanavyofanya; palipo na uwazi chini, marumaru hulia tupu ukiigonga, na siku sufuria ikianguka ndipo inapopasukia.

Saruji nyeupe ya kuziba mistari nimeikataa. Jikoni inageuka njano ndani ya miezi. Nimenunua grauti ya kijivu kilichokolea, mstari wa milimita 2.

Jambo moja halijaisha. Mlango wa jiko unakutana na korido ya krimu. Mama anataka kizingiti kiinuke kidogo, ili akimwaga maji ya kusafisha yasikimbilie vyumbani. Mimi nataka pawe sawa kabisa, asije akajikwaa usiku. Fundi anasema panaweza kuwekwa mteremko mdogo kuelekea mlango wa nyuma, maji yajiendee huko yenyewe, ila kwa hapo pindo la upande ule litabidi lishuke kwanza na anahitaji kujua kabla hajachanganya gundi. Anaanza Jumatatu asubuhi. Mama amesema tuongee kesho baada ya chakula.