Zwide, Kiwanja Kisicho na Nyasi

Tangu Januari 2023 sisi Wakenya tunaingia Afrika Kusini bila viza na kukaa hadi siku 90, kwa hiyo kilichobaki kunizuia ni nauli. Na nauli hiyo acheni tu. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg nilivumilia, lakini kipande cha kutoka hapo kwenda Gqeberha, mji ambao wengi bado wanauita Port Elizabeth, kilinikamua bila huruma. Kahawa pale uwanja wa ndege randi 45, zaidi ya shilingi 300 za kwetu, na kikombe chenyewe kidogo. Marafiki walishangaa kwamba ninafunga safari yote hiyo na Cape Town sifiki. Mimi shida yangu ilikuwa Zwide, mtaa wa watu weusi pale Gqeberha.

Mtu wa raga hahitaji kuelezwa. Siya Kolisi alizaliwa Zwide tarehe 16 Juni 1991, siku ya kumbukumbu ya wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976, na kesho yake ile sheria ya kuwaandikisha watu kwa rangi zao ikafutwa. Mwaka 2018 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, katika mechi ya kimataifa. Akabeba Kombe la Dunia Yokohama mwaka 2019 baada ya kuwalaza Waingereza 32-12, akalibeba tena Paris mwaka 2023 kwa pointi moja, 12-11 dhidi ya New Zealand. Fainali hizo zote mbili nilizitazama Kakamega, na zote mbili nililia. Nilitaka kuiona ardhi iliyomtoa.

Dereva niliyemwita kwa simu alikubali bei ya kunifikisha Zwide, akanipakia, tukaenda tukizungumza vizuri. Tulipokaribia, akaegesha kando ya barabara na kuniambia huko ndani yeye haingii, kuna wezi wa magari, nikitaka aendelee niongeze randi 150. Nilimwambia bei tulishapatana. Akazima gari. Nikamlipa za mwanzo, nikashuka na begi langu, hasira imenijaa kifuani. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza machungwa aliniona, akanielekeza matatu ya kupanda, na kwa nauli isiyofika hata nusu ya bei ya ile kahawa nikafika. Matatu zao hazina konda. Abiria wa nyuma anapitisha noti mbele, mkono kwa mkono, na aliyekaa karibu na dereva ndiye anayepiga hesabu na kurudisha chenji. Mama mmoja mwenye mfuko wa viazi mapajani alihesabu nauli za watu wa safu nne bila kukosea, huku akimkaripia dereva apunguze mwendo.

Niliposhuka niliwakuta watoto wakifanya mazoezi. Kiwanja kilikuwa udongo mgumu wenye vipande vya chupa pembeni, na majani yalikuwa kwenye kona moja tu. Walikuwa kama thelathini na mpira mmoja. Kilichonivuta ni miguu yao. Ndugu wawili walikuwa wamegawana jozi moja ya viatu vya raga: mkubwa, anayepiga mateke kwa mguu wa kulia, amevaa cha kulia, mdogo wake, mtumiaji wa kushoto, amevaa cha kushoto. Miguu iliyobaki ilikuwa peku. Walikimbia, wakaangushana kwenye udongo ule, wakainuka, na hakuna aliyeutazama mguu wake.

Mzee mmoja aliyevaa koti la sufu juani alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda akiwapigia kelele kwa Kixhosa. Nilimwamkia kwa Kiingereza, nikamwita tata, yaani baba, kama nilivyosikia wengine wakimwita. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Kenya. "Kenya mnacheza ile ya wachezaji saba," akasema, "mnakimbia sana ila hamsukumani." Sikubishana naye. Alimtuma mtoto aniletee kreti nyingine, na hapo ndipo ilipoishia mipango yangu yote ya siku ile.

Alikasirika nilipomwambia kwamba nimekuja kuona jinsi raga ilivyowafikia watu weusi. "Ilitufikia lini, mwanangu? Sisi tulikuwa nayo." Alinieleza kwamba hapa mjini klabu ya kwanza ya raga ya watu weusi, Union, ilianzishwa mwaka 1887. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya Afrika Kusini, ile ya wazungu dhidi ya Waingereza, ilichezwa mji huuhuu mwaka 1891. Hesabu mwenyewe. Vijana waliosoma shule za wamisionari, Lovedale na Healdtown, ndio walioibeba raga kwenda nayo vijijini kote, na baba zao na babu zao wakaicheza Jumamosi baada ya Jumamosi bila gazeti la wazungu kuandika mstari.

Yeye alikuwa kijana wakati wa Kwaru, chama cha raga cha Kwazakhele kilichoanzishwa mwaka 1971. Walijijengea uwanja wao hapa Zwide, na leo unaitwa kwa jina la kiongozi wao, Dan Qeqe. Mwaka 1976, miezi michache baada ya Soweto, ndugu wawili wa Kizungu, Cheeky na Valence Watson, waliingia kucheza na weusi katika uwanja huo huku serikali ikiwa imekataza. Mzee alisema siku ile alikuwa amepanda ukuta. Alinionyesha kwa mkono namna askari walivyosimama, hapa, hapa na pale, na sauti yake ikapanda kama kwamba wapo bado. Cheeky alikuwa ameitwa kwenye majaribio ya Springboks, akayaacha.

Nikamuuliza kuhusu mgawo, ile idadi ya wachezaji weusi ambayo timu inatakiwa kuwa nayo, maana Afrika Kusini neno hilo linagombanisha watu hadi kwenye meza ya chakula. Mwaka 1995, Mandela alipovaa jezi ya kijani, kikosi cha fainali kilikuwa na mchezaji mmoja tu asiye mzungu, Chester Williams. Mwaka 2007 walikuwa wawili, Bryan Habana na JP Pietersen. Mwaka 2016 waziri wa michezo, Fikile Mbalula, aliwazuia wakuu wa raga kuomba uenyeji wa mashindano makubwa kwa sababu walikuwa wanavuta miguu kuwaingiza wachezaji weusi. Mwaka 2019 Yokohama walianza sita wasio wazungu. Mzee alinisikiliza akitikisa kichwa. "Miaka mia moja mgawo ulikuwa wazungu kumi na watano kati ya kumi na watano. Hakuna aliyeuita mgawo." Nakubaliana naye kabisa. Asiyetaka hesabu ihesabiwe mara nyingi ndiye aliyekuwa akifaidi ilipokuwa haihesabiwi.

Lakini lililomchoma si hilo. Lililomchoma ni wanaokuja kutafuta vipaji. "Wanakuja kama wanunuzi wa ndama. Wanamtazama mapaja, wanamchagua mmoja, wanaondoka naye. Mwaka ujao wanarudi. Zizi hawalitengenezi."

Kesho yake nilikwenda kuitazama Grey kwa nje, shule iliyoanzishwa mwaka 1856. Hapo ndipo Kolisi alipopelekwa kwa ufadhili akiwa na miaka 12. Kabla yake alikuwa akilelewa na bibi yake, analala njaa siku nyingine, na kwenye majaribio ya mkoa alicheza na chupi ya boksa kwa kukosa bukta. Nilisimama kwenye uzio. Nyasi zilikuwa zimekatwa usawa mmoja, viwanja vimefuatana, na mashine zinamwagilia maji hata mahali pasipochezwa. Kutoka Zwide kwa gari ni mwendo mfupi tu. Sikasiriki kwamba Kolisi alipelekwa pale, namshukuru aliyempeleka. Ninachouliza ni wale ishirini na tisa waliobaki kwenye udongo, na kwa nini timu ya kulipwa ya mji huu, Southern Kings, ilifilisiwa mwaka 2020 wakati mkoa huu ndio chimbuko la raga ya weusi.

Kuna wiki ya mashindano ya vijana chini ya miaka 15, Iqhawe, inayowatafuta wachezaji nje ya shule zenye majina, na Kolisi mwenyewe ana taasisi yake. Nayasifu hayo. Ila yule mtoto mwenye kiatu kimoja anahitaji kiwanja Jumatatu hadi Ijumaa, na kocha anayelipwa.

Siku zilizofuata sina mengi ya kusimulia. Mvua, basi la kwenda East London, mji mwingine wa hukohuko, lililochelewa, chumba cha bei ya hoteli chenye godoro la jela. Nilipita upande wa Tsholomnqa, kijiji cha Makazole Mapimpi, aliyesoma shule isiyo na jina katika raga na bado akafunga trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ya kwanza ya Afrika Kusini katika fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 1995 na 2007 walishinda kwa mateke matupu. Vilima, mbuzi, nyumba za duara. Ningekuwa mtafuta vipaji na gari langu, sijui kama ningekata kona ile.

Na mawazo yangu yote yakawa nyumbani. Raga yetu pia ilianza kwenye klabu za walowezi, hadi Mwamba ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1977 ili Mwafrika apate pa kuchezea. Leo Kakamega tuna Kabras, mabingwa wa Kenya mara kadhaa, lakini Simba, timu yetu ya wachezaji 15, haijawahi kufika Kombe la Dunia, na wengi wanaoivalia jezi wametoka shule zilezile zenye viwanja. Shule ya kutwa iliyo karibu na kwetu ina kiwanja chenye mteremko na magoli ya miti. Nilipita hapo wiki niliyorudi. Mwalimu wa michezo aliniambia wavulana wanaotaka raga anao wengi, ila mipira ndiyo hana, na kocha wa kaunti hajawahi kukanyaga hapo. Nilimwachia mipira miwili niliyoinunua Gqeberha. Akauliza kama naweza kupata viatu, saizi yoyote, hata vya mguu mmoja.