Programu moja, maduka matatu, kompyuta hazifanani: nilivyoifanya ikubali kote

Kila kijana akiuliza afanyeje ili programu ya duka iende kwenye kompyuta na kwenye simu, jibu ni lilelile, chukua Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu, andika mara moja itumike kwenye mashine zote, imeisha. Na mimi niliambiwa hivyohivyo nikaamini, na kwa ushauri huo kuna kijana wa watu nusura afukuzwe kazi kwa wizi ambao hakuufanya. Ndo maana naandika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja hapa Mwanza mwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, Igoma, Buhongwa na Kisesa. Alitaka aone stoo zote kwenye simu yake akiwa nyumbani, wauzaji watumie kompyuta, umeme ukikatika wahamie kwenye simu. Risiti ya kodi ya TRA inatoka kwenye mashine yake ya EFD kama kawaida, hii yetu ni hesabu za ndani na karatasi ya kuchukulia mzigo stoo.

Flutter siisemi vibaya, hadi leo naitumia. Google walitoa toleo la 1.0 Desemba 2018 kwa ajili ya simu, Windows ikaja kuwa rasmi 2022, na skrini zangu zilitoka safi ndani ya wiki chache tu. Ila skrini ndo sehemu nyepesi kuliko zote. Hiyo ahadi ya kuandika mara moja ikaenda popote ni ya zamani, kampuni ya Sun waliitoa na lugha yao ya programu, Java, miaka ya tisini huko, na toka enzi hizo kinachosumbua ni kilekile, vitu ambavyo mashine hazijakubaliana.

Siku ya kwanza Igoma nimebonyeza programu ikasema MSVCP140.dll haipo, yaani moja ya mafaili ya msaada ambayo programu ya Windows inayahitaji ili iwake. Kwangu haijawahi kutokea kwa sababu laptopu yangu ina Visual Studio, ile ya kuandikia programu, na hayo mafaili yanakuja nayo. Tafadhali usimwambie mteja akapakue dll mtandaoni, virusi vingi vinaingilia hapo. Chukua msvcp140, vcruntime140 na vcruntime140_1 weka folda moja na programu yako, basi.

Kisesa ikawa ngumu zaidi. Mashine ya zamani, Core 2 Duo, RAM 2GB, imewekwa Windows ya biti 32, ile aina ya zamani, na Flutter haitoi programu ya Windows ya biti 32, hata uombe vipi. Mtu mmoja akanishauri mama anunue kompyuta mpya, laki nne laki tano hivi, kana kwamba hela inaokotwa. Nikaangalia prosesa yenyewe nikakuta inakubali biti 64, nikafuta Windows nikaweka Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure na mwepesi unaokaa badala ya Windows, ikaenda. Hapo nikawa na Windows, Android na Linux kwa pamoja, na Linux ikanifundisha adabu siku hiyohiyo: faili la bei niliandika Bei.csv, kwenye programu nikaita bei.csv. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inasema hilo faili halipo. Siku hizi majina yote naandika kwa herufi ndogo, bila nafasi.

Sasa niwaambie la saa.

Mwanzoni nilipanga hivi: kila bidhaa ina idadi iliyopo stoo na muda idadi hiyo ilipobadilishwa mara ya mwisho. Kompyuta na simu zikikutana kwenye seva, ile kompyuta kuu ya mtandaoni, yenye muda wa karibuni ndo inashinda. Kila niliyemuonyesha alisema ni sawa kabisa. Imeenda kama miezi miwili bila shida, halafu asubuhi moja mama akanipigia, "Mwanangu, hii programu yako inasema saruji Igoma mifuko mia na arobaini, mimi nimesimama stoo nahesabu themanini na tatu. Hamsini na saba imekwenda wapi?"

Nilipofika kijana wa mauzo kasimama pembeni macho mekundu. "Kaka, mi sijachukua hata mfuko mmoja, jana nimeuza, hela nimepeleka kwa wakala." Hela kweli ilienda, ila ilichanganyika na madeni ya mafundi waliokuja kulipa siku hiyohiyo, kuitenganisha ikawa ubishi. Na ripoti ya jana kwenye programu haikuonyesha mauzo yoyote ya saruji. Mama ni mtu mzuri, lakini mbele yake kulikuwa na programu na kijana, na programu niliitengeneza mimi.

Nikakopi faili la SQLite, ambamo programu inatunza data zake, kwenye flashi nikafungua kwenye laptopu. Hii SQLite naipenda kwa hilo, data yote ni faili moja na ukilitoa Windows linafunguka Linux au kwenye simu bila kugusa kitu. Nikapekua mauzo ya jana, hakuna. Nikapanga kuanzia ya zamani, na hapo juu kabisa nikayakuta: saruji mifuko mitano, 2012-01-01, saa 00:21. Mifuko kumi, 2012-01-01, saa 00:48. Saa sita usiku ya mwaka 2012, kwenye duka ambalo mwaka huo halikuwepo! Nikajumlisha kwa mkono, ikatoka hamsini na saba kamili.

Nikamuuliza, "Jana kompyuta ilikusumbua?" Akasema ndiyo, usiku umeme ulikatika, asubuhi kawasha intaneti ikakataa, ikawa inaandika mambo ya usalama, jioni ndo akaona tarehe imeharibika akairekebisha mwenyewe, intaneti ikarudi. Nikaelewa yote. Ile betri ndogo ya CMOS, ya duara kama sarafu, inayoendesha saa kompyuta ikikosa umeme, ilikuwa imekufa, umeme ulipokatika kompyuta ikasahau tarehe ikarudi 2012. Kwa tarehe hiyo vyeti vya usalama vya seva vilionekana havijaanza hata kutumika, ndo maana ikagoma kuunganisha mchana kutwa. Jioni tarehe ilipokaa sawa ikatuma mauzo yakiwa bado na muhuri wa 2012, seva ikalinganisha: 140 ya juzi jioni na 83 ya mwaka 2012, ikaitupa 83 na kuirudisha 140 hadi kwenye kompyuta ya dukani. Kijana alivyorekebisha tarehe kwa nia njema akawa kafuta ushahidi wake mwenyewe.

Nikamuonyesha mama mstari kwa mstari, akamwita kijana akamshika mkono, akamwambia "nisamehe mwanangu". Mi nikaenda nyumbani sikulala.

Betri mpya ni kama buku mbili, CR2032, ila betri siyo dawa, nyingine itakufa Buhongwa. Dawa ilikuwa kuacha kutunza idadi iliyobaki. Sasa hivi programu haiandiki kwamba saruji iko 83, inaandika tukio: zimeingia 200, zimetoka 5, zimetoka 10. Stoo ni jumla ya matukio, na kujumlisha hakujali kipi kilitangulia, mauzo hata yakifika kesho kutwa hesabu inakaa. Kila tukio lina utambulisho wake mrefu, UUID, unaozaliwa palepale kwenye kifaa, maana ukitumia 1, 2, 3 basi mauzo namba 57 ya simu yatagongana na namba 57 ya kompyuta.

Kwa vitu kama bei ambapo lazima mmoja ashinde, nikatumia wazo la mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport la mwaka 1978, kaunta badala ya saa. Kila kifaa kinahesabu, kikipokea ujumbe wenye namba kubwa kuliko yake kinaichukua na kuongeza moja. Jamaa aliliona hili mwaka huo, sisi bado tunaamini saa ya kompyuta ya Igoma.

La printa nalo naona raha kulisema. Nilianza kupitia draiva za Windows, vile viprogramu vya kuendeshea printa, karatasi ikatoka na nafasi nyeupe kubwa na maandishi kama ya sisimizi, na kwenye simu draiva hiyo haipo kabisa. Nikagundua printa hizi ndogo za milimita 58 karibu zote zinaelewa ESC/POS, amri za printa zilizobuniwa na Epson, yaani ni baiti tu, namba unazoitumia printa: 27 na 64 inaanza upya, halafu maandishi, mstari mmoja herufi 32. Kwa hiyo karatasi naitengeneza mara moja kama baiti, sehemu moja kwa mashine zote, kinachobadilika ni mlango wa kutokea. Kwenye Android inapita Bluetooth, Linux naandika moja kwa moja kwenye /dev/usb/lp0, Windows naitupa kwenye foleni ya printa ikiwa ghafi. Karatasi ya Kisesa na ya Igoma ukiziweka pamoja huwezi kujua ipi imetoka wapi.

iPhone bado. Binti wa mama anayo na anaulizia kila wiki, ila inataka kompyuta ya Mac yenye Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea programu za iPhone, na dola 99 kila mwaka kwa Apple, wakati Google Play nililipa dola 25 mara moja tu. Nimemwambia asubiri.

Na toleo jipya halitoki kwangu kabla sijarudisha tarehe ya laptopu hadi 2012, nikauza mifuko mitano ya saruji, nikarekebisha tarehe, nikaunganisha intaneti, halafu nikafungua simu kuona kama imepungua mitano.