Nachora majumba ya zamani ya Iringa mjini

Kamwene wapendwa! Nimekuwa kimya kwasababu tangu mwezi wa sita nina kazi moja tu kichwani, nachora majumba ya zamani ya hapa mjini, moja moja, kwa penseli na kalamu nyeusi, na baridi hii ya kwetu vidole vinakufa ganzi ila siachi.

Nilianza na Boma. Jengo la mawe lile Wajerumani walilijenga kama hospitali, baadae Waingereza wakaweka ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho. Nimepita pale toka niko primari lakini kumbe nilikuwa siangalii, ukikaa chini kuchora ndo unaona hakuna mawe mawili yanayofanana, makubwa yako kwenye kona, vidogo vimejazia katikati. Kalenga, ngome ya Wahehe, iliangushwa na Wajerumani 1894, chifu wao Mkwawa akafa 1898, Boma likajengwa muda mfupi tu baada ya hapo, afu mawe yote yale yalibebwa na mikono ya watu. Ukuta ule nauchora taratibu sana.

Msikiti wa Ismailia wenye mnara wa saa nimeurudia mara tatu, mnara unanishinda kunyooka.

Ila roho yangu iko kwenye maduka ya Uhindini. Baraza mbele, nguzo, bati lililopata kutu, milango ya mbao ya kukunja. Kuna duka moja kizingiti chake kimelika katikati kama bakuli kwa miguu ya wateja, nimekichora peke yake karatasi nzima! Juu ya duka hilohilo, kwenye plasta, kuna mwaka wa kujengwa, 1 na 9 zinaonekana vizuri, namba mbili za mwisho zimefunikwa na bango la vocha. Nikamuuliza mzee anayeshona cherehani hapo barazani, shikamoo mzee, hili jengo la mwaka gani? Akaniambia mwanangu mimi nimelikuta, ila hiyo picha ukimaliza niletee kopi nibandike hapa.

Nimempelekea jana. Kaiangalia weee, akaniuliza mbona namba hujamalizia, nikamwonyesha bango. Kamwita kijana wa dukani palepale, wamekubaliana jumapili wanaleta ngazi walitoe kidogo, mie nitakuwepo asubuhi na penseli yangu.